Spageti si Mboga

Siku ya kwanza nilipoingia jikoni mwa kituo cha afya, kule mtaa wa Shari mjini Bunia, Mama Vero aliniambia ninawe mikono. Nikanawa. Akaniangalia, akaniambia ninawe tena. Nikanawa tena. Halafu akanitoa nje nikakae na kuku mpaka nijue kufunga kitambaa cha kichwa, maana nywele zangu, alisema, si kiungo. Ndivyo nilivyoianza kazi ambayo niliiacha mwezi uliopita, na ninyi mliobaki jikoni mmenisumbua mpaka nimekubali kuiandika. Mkitafuta humu habari za vyeo na mishahara, acheni kusoma mkaoshe masufuria. Kuna kazi.

Mimi ni Masika, binti wa Butembo. Nilifika Bunia nikimfuata mume wangu aliyeuza vitenge sokoni. Vita vilipofunga barabara, vitenge vikakwama Butembo na mume akakwama nyumbani, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akaanza kunifundisha kupika. Mwanamume ambaye hajawahi kumenya kitunguu alinisimamia mgongoni akisema chumvi, chumvi. Nikaona afadhali nikapike kwa watu wengine.

Mnajua desturi yetu: mgonjwa akilazwa, ndugu zake huja na mbabula, lile jiko la makaa, na sufuria, wakampikia uani. Kituo hakikuwa na haja ya mpishi. Lakini vita vilitawanya ndugu. Watu walikuja kutoka upande wa Djugu na kwingine wakiwa peke yao, na kidonda kikifungwa vizuri tumbo lilibaki tupu. Basi wakajenga jiko la matofali nyuma ya nyumba ya kujifungulia, wakamweka Mama Vero awe mkuu wake, na mimi nikawa mkono wake.

Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mjane, na watoto wake wote walikuwa Kisangani, ng'ambo ya barabara zilizofungwa. Alikuwa na mwiko wa mti wa mpera ambao hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuugusa. Niliugusa mara moja, nikaambiwa maneno ambayo mpaka leo sijamwambia kasisi. Bugali wake ulikuwa wa unga wa muhogo, mweupe kabisa, laini, ungedhani umebatizwa. Alinifundisha kuusonga kwa mgongo, si kwa mkono, na kumimina unga kidogo kidogo huku maji yakiwa bado yanaruka. Hayo yote bado ni kweli, yashikeni.

Alikuwa pia na imani yake, nayo ilikuwa imani ya mji mzima: bila bugali, mtu hajala. Wali ni wa harusi. Viazi ni vya kudanganya tumbo wakati bugali unaiva. Vingine vyote vinavyoingia sahanini ni mboga, na kazi ya mboga ni kuusindikiza bugali kooni.

Hali ilipokuwa mbaya, mume na mke wa Kizungu waliokuwa wakifundisha Biblia jirani na kituo walipanda ndege wakaenda kwao, wakatuachia akiba yao ya chakula. Yule mama aliamini nafaka zisizokobolewa karibu sawa na alivyomwamini Roho Mtakatifu. Kulikuwa na magunia ya ngano nzima, mtama na ulezi, ambao sisi watu wa Butembo tunauita obulo, na maboksi mengi ya spageti. Spageti yenyewe ilikuwa ya kahawia. Mama Vero aliivunja moja, akaitafuna mbichi, akatema.

"Hii iliungua."

"Mama, kwenye boksi banasema ni ngano muzima, na maganda yake."

"Mutu anaacha maganda mu chakula, halafu anaandika ku boksi juu batu bajue?" Akatikisa kichwa. "Peleka ku mashine. Basage. Tutafanya bugali."

Msicheke. Katika mji wetu si yeye peke yake aliyefanya hivyo. Makaroni ngapi zilikwenda mashineni miaka ile! Nilipeleka boksi zima likasagwa, nikarudi na unga wa kahawia mzuri wa kutazama. Tukausonga. Ulivuta, ukagoma, ukashika sufuria, na mwiko wa mpera ukasimama wima katikati bila kushikwa na mtu. Tuliupakua kwa kisu. Mgonjwa mmoja, Musa, mchimba dhahabu aliyevunjika mkono mgodini, alilisukuma lile bonge kwa kidole cha mkono mzima.

"Mama Vero, hii ni bugali, ao ni plasta ya mukono yangu?"

Magunia na maboksi yakaenda kukaa pembeni, nyuma ya kuni, na pengine yangekaa huko mpaka leo.

Sasa nifike kwenye kesi ngumu kuliko zote nilizopata kazini, na mgonjwa wake hakuwa kitandani. Asubuhi moja nilisikia harufu ya ngozi inayoungua. Nikaangalia chini. Mama Vero alikuwa amekanyaga kaa la moto kwa mguu mtupu na anaendelea kukoroga maharagwe huku akiimba. Hakusikia chochote. Nilimsukuma, akanitukana, kisha akaona.

Dokta Jerome alimpima. Alikuwa kijana wa Kisangani, mwembamba, aliyeletwa kwetu kwa muda mfupi na vita vikamfungia humo. Alisema ni ugonjwa wa sukari, tena wa siku nyingi, ndiyo maana mguu umekufa ganzi. Vidonge vilikuwa vimebaki vichache. Akamwambia apunguze muhogo mweupe, ale nafaka nzima, maharagwe na majani, ale hata ile spageti ya kahawia. Kidonda kisipokauka, mguu utakatwa.

Mama Vero aliitika kwa adabu, jambo lililonitia hofu. Tulipobaki wawili akachota maji, akayaacha, akaketi juu ya kinu.

"Masika, weye unajua batu yenye haiwezi kutembea banafanyaka nini mu vita?"

"Hapana, mama."

"Banabaki." Akautazama mguu wake. "Mara ya kwanza tulikimbia kule kwetu, shangazi yangu alikuwa na miguu ya kuvimba. Tulimuwekea maji mu kidumu. Tukamwambia tunarudi. Alijua. Njo yeye alituambia muende, muende mbio."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, kwenye vitunguu, ili nipate kisingizio. Tangu siku ile niliutazama ule mguu kuliko nilivyotazama moto. Dokta angeukata ili kumwokoa, na sote tulijua kwamba vita vikigeukia mjini, kumwokoa huko kungekuwa kumwacha.

Basi Mama Vero akashika amri. Kila mchana nilimchemshia spageti ya kahawia, nikaiunga kwa nyanya, kitunguu na samaki wadogo wa ziwani. Alikula yote. Na kidonda kikazidi. Dokta alipima sukari, akakuna kichwa, akapima tena.

"Mama, uko nakunywa soda mu kificho?"

"Naapa mbele ya Mungu na mbele ya sufuria!"

"Biskuti? Miwa?"

"Dokta, niko nakula spageti kila siku. Kila siku! Uliza Masika."

Nikaapa pamoja naye, na kiapo chetu kilikuwa cha kweli.

Mchana mmoja risasi zilianza kulia karibu, upande wa barabara kubwa. Dokta alikuwa amekuja kuomba maji ya moto, na Musa amekuja kuomba chochote. Tukalala chini sote wanne, kichwa nyuma ya magunia. Risasi zikaendelea, lakini njaa nayo haijui kusubiri, na sufuria zilikuwa zimeshaiva. Tukaketi pale pale sakafuni tukapakua. Dokta hakuwahi kula nasi kabla ya siku hiyo. Akaitazama sahani ya Mama Vero.

"Mama, hii nyeupe ni nini?"

"Ni bugali."

"Na hii juu yake?"

"Ni spageti. Ile yenye ulisema."

Dokta akaweka mkono kifuani. "Mama Vero! Nilisema ukule spageti pahali ya bugali!"

Mama Vero akamtazama kama mtu aliyeambiwa aoge bila maji. "Pahali ya bugali? Sasa nitaikula na nini?"

Niwaambie ukweli, nami nilishangaa kama yeye. Spageti ina nyanya, ina kitunguu, ina mchuzi. Chenye mchuzi ni mboga. Hatukuona kosa lolote hapo. Tulikuwa tumemwongezea mgonjwa wa sukari mlima mmoja wa wanga juu ya mlima mwingine, kwa utii mkubwa, kwa majuma kadhaa. Dokta akaanza kutufundisha. Alisema ngano ni wanga, muhogo ni wanga, maganda yanasaidia sukari ipande polepole, lakini si ukirundika yote mawili. Alifundisha vizuri sana, na huku akifundisha alimega bonge la bugali, akalitoboa kwa kidole gumba, akazungushia spageti, akaanza kulipeleka kinywani.

Tulimtazama wote. Mkono ukasimama njiani.

"Dokta," Musa akasema, "na weye pia uko na sukari?"

Tulicheka mpaka risasi zikawa jambo la pili. Dokta mwenyewe alicheka huku bonge likiwa mkononi, kisha akalila, kwa sababu chakula hakitupwi.

Baada ya hapo ingekuwa rahisi, sivyo? Haikuwa. Mama Vero alikula spageti bila bugali, akalalamika mchana kutwa kwamba hajala. Alisikia kizunguzungu kabla ya sahani kukauka. Kisha siku moja nikafunua kifuniko nyuma ya mtungi nikakuta bonge jeupe, limefichwa, limeng'atwa. Nilimkasirikia kweli. Nilimpigia kelele mimi, mtoto wa juzi, mbele ya wagonjwa.

Aliningoja nimalize. "Mutoto, sikia. Miye njo mupishi. Batu bote bakule bugali, halafu miye nikae pembeni na kasahani ya mugonjwa, mu jikoni yangu? Afazali bakate."

Nilijua anachosema. Kwetu kula peke yako chakula chako ni adhabu, hata kama kina vitamini zote za Ulaya. Niliogopa kweli, maana dokta alikuwa ameanza kunoa visu vyake na kuuliza dawa ya usingizi imebaki kiasi gani.

Aliyetatua shida hii hakuwa dokta wala mimi. Walikuja asubuhi, vijana wenye bunduki. Sikumbuki walikuwa wa kundi gani. Makundi yalikuwa mengi kuliko masufuria yetu. Walichukua unga wa muhogo wote. Walichukua sukari, mafuta, wali, redio, na viatu vya Dokta Jerome akiwa bado amevivaa, wakamsaidia kuvivua. Walichukua kuku. Kisha mmoja akaenda nyuma ya kuni, akafungua gunia la ngano.

"Mama, hii ni nini?"

"Chakula ya kuku," Mama Vero akajibu, na hakuwa anadanganya, ndivyo alivyoamini.

Kijana akafungua boksi la spageti, akainusa, akakunja uso. Akatuonea huruma. "Musikule hii, mama. Iliharibika. Mutagonjwa."

Wakaenda. Walikuwa na kuku wetu, wakakataa chakula chao.

Soko lilifungwa, na hata lilipofunguka halikuwa na unga. Kwa hiyo kituo kizima, mgonjwa na mzima, dokta na mchimba dhahabu, kikaanza kula kahawia. Hapo ndipo nilipojifunza kazi niliyowafundisha ninyi baadaye. Ngano nzima inalowekwa jioni, inapikwa asubuhi na maharagwe katika sufuria moja, kwa moto mdogo, na chumvi mwishoni. Ulezi tulipepeta, tukaukaanga kidogo bila mafuta mpaka unukie, tukasaga kwa jiwe maana mashine haikuwa na mazuti ya kuiendesha. Spageti ya kahawia inataka maji mengi yanayoruka, na uitoe ikiwa bado inapinga jino kidogo. Ukiichelewesha inakuwa uji wenye kiburi. Ilivunjwa vipande ikaingia kwenye maharagwe, ikatosha watu wengi. Lenga-lenga, yaani mchicha, na majani ya maboga tuliyachuma nyuma ya choo, na hakuna aliyeuliza yalistawi kwa sababu gani.

Mwanzoni walinung'unika. Musa alisema amechimba udongo wa rangi hiyo miaka mingi na hakuwahi kufikiri ataula. Mama Vero alikaa juu ya kinu siku za kwanza, mguu juu ya kigoda, akinitazama nikipika na kuteseka. Lakini mpishi hawezi kuona mtu anaharibu chakula akanyamaza, hata kama ni chakula cha kuku. Kwanza alisema kitunguu kimeungua. Kisha akasema ulezi unataka maji machache. Kisha akanyanyuka, akachukua mwiko wa mpera, akanisukuma kwa nyonga.

"Toka. Unafanya kama muzungu."

Akausonga ulezi na mtama pamoja, bonge dogo la ngumi kwa kila mtu, na maharagwe na majani yakazidi bonge. Ulikuwa mweusi, mzito, wenye harufu nzuri. Wote tulikula kitu kimoja, sahani za aina moja, naye akala kati yetu kama malkia wa taabu. Hakuna aliyekuwa pembeni. Hata jina la rejime, kile chakula cha masharti ya dokta, halikutajwa tena.

Dokta aliosha kidonda kila asubuhi kwa maji ya chumvi na kumpa vidonge vilivyobaki. Sitaki mseme Masika anafundisha kwamba ulezi unatosha bila dawa. Lakini sukari ilishuka, na nyama ya mguu ikaanza kuwa nyekundu, kisha ya waridi. Siku alipofungua kitambaa akakuta ngozi imejifunga, Mama Vero alimshika kichwa akakibusu. Dokta alisema ni rejime. Mama Vero alisema ni Mungu. Mimi nasema ni waporaji, na sina mpango wa kuwashukuru.

Mji ulivunjika muda mfupi baadaye. Sitaeleza mapigano yenyewe, mmeshasikia ya kutosha na wengi wenu mlikuwapo. Dokta alisema tuondoke wote tunaoweza, tukashika barabara ya Nyankunde kwenda Komanda, na mbele mpaka Beni, kwa miguu. Mama Vero alivaa soksi za mume wangu na viatu vya plastiki, akajitwika sufuria yenye ngano na mwiko ndani. Mume wangu alibeba godoro. Nilimwuliza kwa nini godoro. Akasema watu wote wamebeba kitu.

Tulitembea kati ya watu wengi, kimya, vumbi mdomoni. Kando ya barabara niliona watu wameketi ambao hawakuwa wanapumzika. Mmoja alikuwa mwanamke mzee, na kidumu cha maji karibu naye. Mama Vero alimwona. Alisimama, akamwekea ngano iliyopikwa mikononi, akamwambia neno ambalo sikulisikia. Kisha akaendelea kutembea, na mimi sikumwangalia usoni.

Jioni familia moja ya kijijini ilitukaribisha, watu wema wasiokuwa na kingi. Mama wa nyumba akatuletea bugali. Wa muhogo, mweupe, unatoa moshi, na maharagwe kidogo pembeni. Sikuwa nimeuona tangu siku ya wale vijana. Mate yalinijaa nikaona aibu. Mama Vero alipokea sahani yake kwa mikono miwili, akaitazama sana, akavuta harufu yake, kisha akaisogeza kwangu.

"Mama, Mungu akubariki. Miye nipe maharagi tu."

Mwenye nyumba akaumia. "Bugali yangu iko mubaya?"

"Iko muzuri sana, mama yangu. Njo naiogopa. Niko na safari."

Nilikula wangu. Nilikula na wake. Mume wangu alitaka kusaidia, nikamwambia aendelee na godoro lake.

Kesho yake tumbo langu lilikuwa jiwe na miguu yangu imetoka malengelenge. Kwenye kilima cha kwanza nilibaki nyuma, kwenye cha pili nikaketi juu ya jiwe kando ya barabara, nikasema moyoni nitapumzika kidogo tu. Watu walinipita. Mume wangu hakuniona, alikuwa chini ya godoro. Kisha nikaona soksi zake zikirudi kinyume cha watu, zikasimama mbele yangu katika vumbi, zote mbili, imara, na juu yake sufuria ikiwa kichwani haikutikisika.

"Masika, simama," Mama Vero akasema, akaninyooshea mkono. "Sitakuacha. Lakini usinijaribu."